Pumzi ya Watu



Somo la mwezi huu hatukulitafuta vitabuni. Lilitujia Lyulilo siku ya Jumamosi, siku ya soko, wakati vyungu vya mama zetu Wakisi viliposhushwa kutoka mitumbwini na kupangwa mchangani chini ya milima ya Livingstone. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye jina lake na kijiji chake hatutavitaja, alitushika mkono, akatutenga na watu, akatuketisha kando ya mtumbwi uliopinduliwa. Akakaa kitambo bila kusema. Kisha akauliza, "Baba Mchungaji, je, nilikosa?"

Habari yake ni hii. Kijijini kwake watoto watatu walikufa katika muda mfupi, na baadaye mtumbwi mmoja ukazama, na mvuvi wake asionekane. Watu wakakutana. Mtu mmoja akasema ya kuwa mambo kama haya hayaji bure. Wa pili akaitikia. Wa tatu akasema anawajua waganga wafichuao wachawi, nao wako tayari kuja wakilipwa. Ikakubaliwa kila nyumba itoe fedha. Mzee wetu akasimama akasema ya kwamba yeye ni mtu wa Kristo, hawezi kutoa fedha kwa kazi ya namna hiyo. Hakuwatukana, wala hakuwahubiri sana. Alisema neno moja akaketi.

Hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Maana watu hawakuuliza kama neno lake ni kweli. Waliuliza, "Kwa nini akatae, kama hana kitu nyumbani kwake?" Mtaona jinsi mtego huu ulivyotegwa kwa werevu: anayetoa fedha amejionyesha kuwa hana hatia, naye akataaye amejishuhudia mwenyewe. Hakuna njia ya tatu. Waganga walikuja, wakafanya mambo yao, wakachukua fedha, wakaenda zao. Na nyumba ya mzee wetu hawakuiingia, kwa kuwa aliufunga mlango. Mlango uliofungwa ulitosha kuwa shahidi.

Tangu siku ile hakuna aliyempiga wala kumtupia jiwe. Ila salamu zilifupishwa. Wenzake wa kukokota nyavu walianza kuondoka kabla hajafika. Mkewe akifika bombani, mazungumzo hukatika mpaka achote maji na kwenda zake. Na wanawake wa upatu wake wakamrudishia fedha zake, wakisema kwa upole ya kuwa kundi limejaa. Baada ya miezi kumi mama yake mzee akafariki. Ninyi mnajua msiba ulivyo kwetu: vijana wa kijiji hushika majembe bila kuitwa, na wanawake huja na kuni, maji, ndizi na mchele. Siku ile kaburi lilichimbwa na watu wanne tu: wanawe wawili, mkwewe, na jirani mmoja. Walianza asubuhi wakamaliza jua likishuka.

Na sisi je? Sisi ndio tuliomzika yule mama. Tulisoma liturgia, tukaona watu ni wachache, tukadhani ni kwa sababu ya mvua. Tena yatupasa tuungame zaidi ya hayo, kwa kuwa ni vibaya kuwafundisha wengine tukiwa tumeificha aibu yetu wenyewe: habari ya mkutano ule tulikuwa nayo siku tatu kabla haujafanyika. Tulisema moyoni mwetu ya kuwa ni shauri la kijiji, si la kanisa, tukanyamaza. Basi swali la mzee, "Je, nilikosa?", lilitupiga sisi kabla hatujafumbua kinywa kumjibu.

Kwa nini watu hufuatana? Wengine hujibu upesi: kwa sababu ni wajinga. Jibu hili twalikataa. Watu wa kijiji kile si wajinga. Wamo wasomi, na wamo washarika wetu wanaokuja Meza ya Bwana. Na tuliangalie jambo hili polepole.

Wazee wa Kinyakyusa wana neno, *ukwangala*. Maana yake ni kufurahia kukaa pamoja na wenzako: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza, kusaidiana kazi. Katika miaka ya 1934 hata 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika wilaya ya Rungwe, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Kyela, wakijifunza desturi za nchi. Bibi huyu alizaliwa Afrika ya Kusini, binti wa wamisionari, na mwaka 1951, mumewe akiwa amekwisha kufariki, alitoa kitabu kikubwa juu ya neno hili la kukaa pamoja. Aliandika jinsi wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walivyoanza kujijengea vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, wakaishi pamoja marika kwa marika, wakaoa humo, wakazeeka humo. Wakati wa udogo wao walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtoto aliyependa kula peke yake kwa mama yake alichekwa. Vijiji vya namna ile havipo tena, lakini sisi tuliolelewa na wajukuu wao twajua ya kuwa kicheko kile bado kipo.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Wazee wale wale walikuwa na neno jingine, *embepo*, yaani pumzi, au upepo, au baridi. Waliamini ya kuwa mtu akivunja desturi, kwa mfano akikataa kuwachinjia jirani ng'ombe katika matanga ya baba yake, au akimtukana mzazi wake, majirani watanung'unika usiku, na pumzi yao itamwangukia kama baridi, naye ataugua homa au kulegea viungo. Pumzi hii ilihesabiwa kuwa ya haki. Lakini nguvu iliyosemekana kuwa ndani ya walinzi wa kijiji ndiyo hiyo hiyo iliyosemekana kuwa ndani ya wachawi, na wazee walikiri ya kuwa si rahisi kupambanua pumzi ya haki na pumzi ya husuda. Tena mchawi, kwa fikira zao, alikuwa ni mtu mwenye uchu wa nyama na maziwa, mtu asiyependa kula na wengine. Basi mnaona jinsi njia ilivyo fupi. Ajitengaye ni mchoyo. Mchoyo ni mchawi.

Sisi Wakristo hatuamini ya kuwa pumzi ya jirani humtia mtu homa. Lakini tusiwacheke wazee. Jambo walilolieleza kwa mfano wa baridi ni jambo la kweli. Mwanamke aliyesimama bombani, na mazungumzo yakakatika, ameipata baridi ile mwilini mwake. Mzee wetu alitwambia ya kuwa kwa miezi mingi hakupata usingizi, na chakula hakikumpendeza.

Wataalamu wa nchi nyingine nao wamelipima jambo hili kwa njia zao, nasi twawaletea mawili matatu kwa kuwa yanatufaa. Mwaka 1935 Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, alieleza jinsi alivyowaketisha watu gizani na kuwaonyesha nukta ndogo ya mwanga. Mwanga ule haukusogea kabisa, ila gizani jicho la mtu hudanganyika, akaona unasogea. Kila mtu akiwa peke yake alitaja kipimo chake. Walipowekwa pamoja, vipimo vyao vilikaribiana kidogo kidogo mpaka vikawa kama kimoja. Na walipotengwa tena, kila mmoja alibaki na kipimo cha kundi. Hakuna aliyewalazimisha. Palipo na giza mtu hushika jicho la mwenzake.

Huyo alijaribu jambo lisilo wazi. Mwingine, Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani, alijaribu jambo lililo wazi kabisa, akatangaza habari zake tangu 1951. Aliwaonyesha watu mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akawauliza upi kati ya hiyo mitatu ulingane na ule wa kwanza. Mtoto wa shule angeweza kujibu. Lakini katika kila kundi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akijaribiwa. Wengine wote walikuwa wamepatana na Asch kimbele kusema uongo mmoja. Yule mmoja aliwasikia wenzake wakitaja mstari usio sawa, mmoja baada ya mmoja, mpaka zamu yake ikafika. Katika majibu yote ya namna hii, kiasi cha theluthi yalifuata uongo wa kundi. Kwa kila watu wanne, watatu hivi waliteleza angalau mara moja. Mmoja hakuteleza kamwe. Walipoulizwa baadaye, wengine walisema walidhani macho yao yana kasoro. Wengine walisema waliona kweli vizuri sana, ila hawakutaka kuonekana wapinzani.

Hizo ndizo sababu mbili kubwa, nazo zimo katika mkutano wa kijiji kile. Wako waliofikiri, "Wote hawa hawawezi kukosa, labda ni kweli kuna mchawi." Na wako walioona wazi ya kuwa ni upuuzi, lakini wakafikiri juu ya kaburi litakalochimbwa nyumbani mwao siku moja. Msiwachanganye watu hawa wawili, enyi wainjilisti. Wa kwanza anahitaji mafundisho. Wa pili hahitaji mafundisho, anayo. Anahitaji watu wa kumzika mama yake.

Mtu mwingine, John Berry, mwaka 1967 aliwalinganisha Watemne wa Sierra Leone, ambao ni wakulima, na Waeskimo wa kaskazini ya mbali, ambao ni wawindaji. Wakulima walifuata kundi zaidi sana kuliko wawindaji. Nasi twaona sababu yake. Mwindaji aweza kwenda peke yake barafuni. Lakini ni nani awezaye kuvuna mpunga peke yake kabla mafuriko hayajaja, au kuvuta jarife peke yake? Kufuatana ni mali yetu. Bila hiyo tungalikufa njaa zamani. Ndiyo maana wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako. Neno hili lina hekima yake, ila hakuna aliyeuliza jicho lililovunjwa hurudishwaje.

Mambo ya waganga hayakuanza jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vijana waliotoka Unyasa, ndiyo Malawi ya leo, walipita vijiji kwa vijiji wakiwa wamevaa nguo za Kizungu, wakiuza dawa iitwayo mchape, yaani ya kuosha. Walienea mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia, na mpaka nchi hii yetu. Bibi Audrey Richards aliyewaona kwa Wabemba aliandika habari zao mwaka 1935. Watu wote wa kijiji walipangwa mstari. Kila mtu alipita, na mchape akamtazama katika kioo kidogo. Aliyetajwa alitoa pembe zake na hirizi zake, na wote wakanywa dawa. Bibi Richards aliziangalia zile pembe zilizorundikwa: nyingi zilikuwa dawa za kawaida tu za kutibu na kujikinga. Lakini ni nani angethubutu kuondoka mstarini? Kukataa kunywa kulikuwa sawa na kukiri. Huko Kigoma wafanyao kazi ya namna hii katika miaka hii yetu wameitwa kamchape, jina la miaka tisini iliyopita. Tena nchi yetu ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, nayo haijakomesha jambo. Sheria huyafikia yaliyofanywa hadharani, lakini baridi ya bombani haina askari wa kuikamata.

Sasa tufungue Maandiko. Wengi wetu tukifundisha juu ya kuwakataa wengi hukimbilia Danieli na tanuru ya moto. Ni vema. Lakini tanuru si mfano wa kila siku; wengi wetu hatutatupwa motoni. Someni badala yake Wagalatia sura ya 2, tangu mstari wa 11. Hapo pana meza tu, na watu wanaokula.

Petro alikuwa Antiokia, naye alikula pamoja na ndugu wasio Wayahudi. Aliamini ya kuwa ni halali. Hakuhitaji kufundishwa, kwa maana Mungu alikwisha kumfundisha nyumbani kwa Kornelio. Ndipo wakaja watu kutoka kwa Yakobo, wa upande wa tohara. Petro akaanza kujitenga kidogo kidogo, kwa sababu aliwaogopa. Hakugeuza imani yake. Aligeuza mahali pa kuketi. Na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa nao, Barnaba yule aliyekuwa mtu mwema wa kuwafariji watu wote! Wainjilisti, na mkae hapa na watu wenu. Waulizeni: wale ndugu walioachwa mezani siku ile walijisikiaje? Paulo aliona ya kuwa jambo hili la viti na sahani ni jambo la Injili yenyewe, akamkemea Petro mbele ya wote. Na kwa nini mbele ya wote? Kwa sababu kosa lilikuwa la kundi. Kumwambia faragha kusingaliwarudisha wengine mezani.

Someni pia Yohana 9. Wazazi wa kipofu aliyeponywa walijua vizuri ya kuwa ni mwana wao, na ya kuwa alizaliwa kipofu. Walipoulizwa amepataje kuona, walimsukumia mwana wao swali hilo, kwa hofu ya kutengwa na sinagogi. Nasi twawafahamu wazazi hawa. Yule mchungaji aliyesema "ni shauri la kijiji" ni ndugu yao. Kisha mwana mwenyewe akatolewa nje, na Yesu aliposikia ya kuwa ametolewa, alimtafuta mpaka akamwona.

Mtatuuliza: na baba yetu Luther, hakusimama peke yake mbele ya Kaisari huko Worms, mwezi wa Aprili 1521? Alisimama, nasi twamshukuru Mungu. Lakini habari husimuliwa kana kwamba hakuwa na mtu, na hiyo si kweli. Rafiki yake Nikolaus von Amsdorf alisafiri naye katika gari moja. Mkuu wa nchi yake, Frederick, alihakikisha amepata ruhusa ya kwenda na kurudi salama. Na alipokuwa akirudi, watu wa Frederick walimteka njiani kwa hila, wakamficha katika ngome ya Wartburg, ambako alilitafsiri Agano Jipya. Kama wasingalikuwako hao, huenda tungalikuwa na habari ya mtu aliyechomwa moto, kama Jan Hus mwaka 1415. Tunawahubiri mashujaa mno, na wale waliowafungulia milango hatuwataji.

Jambo hili Asch naye aliliona. Alipomweka mtu mmoja tu katika kundi aseme kweli pamoja na yule aliyejaribiwa, makosa yalipungua sana sana. Wingi wa wapinzani haukuwa na nguvu nyingi kama tunavyodhani. Wapinzani watatu walitosha kumsumbua mtu karibu sawasawa na kundi kubwa zaidi. Kilichobadili mambo ni mwenzi mmoja. Na yule mwenzi akiacha kusema kweli katikati ya kazi, makosa hurudi.

Wakumbukeni na Wakristo wa kwanza wa pwani hii. Merensky na wenzake wa misioni ya Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa mwaka 1891, mwaka ule ule walipokuja ndugu wa Herrnhut huko Rungwe. Waliobatizwa kwanza walikataa kushiriki kafara za matanga, nao wakaambiwa watashikwa na wazimu. Waliozaa mapacha walikataa madawa ya mapacha, nao wakaambiwa jamaa zao watavimba miili. Fikirini jinsi jambo hili lilivyokuwa zito: hawakukataa kwa hatari yao wenyewe tu, bali, kwa fikira za jamaa, waliwahatarisha ndugu wote. Wengi wao walijenga karibu na misioni, wakaishi pamoja. Twasikia watu wakiwalaumu ya kuwa walijitenga na jamaa. Labda. Lakini walijua pia ya kuwa mtu hawezi kuikataa *embepo* bila kuwa na *ukwangala* mwingine wa kuingia. Na vita vya 1914 vilipowaondoa wamisionari Wajerumani, ni wao waliokusanya watu na kufundisha katika miaka ile ya upweke.

Na Kenya, wakati wa Mau Mau tangu 1952, ndugu wa Uamsho kati ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengine wao waliuawa na jirani zao. Wengi wao walikataa vile vile kuchukua bunduki za serikali, hata serikali nayo ikawashuku. Walipopigwa na pande zote mbili, walibaki na kundi lao dogo lililokutana kuungama na kuimba. Mwaka 1969 viapo viliporudi tena, Kanisa la Presbyterian lilipinga hadharani.

Sasa tugeukie nyumba yetu wenyewe. Sisi wa kanisa twapenda kufikiri ya kuwa kundi linalobana watu ni kundi la wapagani. Sivyo. Tumemwona mjane akiacha kuimba kwaya kwa kuwa hakuweza kununua kitenge cha sare, wala hakuna aliyemwambia aondoke, alitazamwa tu. Tumeona wazee wa baraza wakiinua mikono kukubali hesabu ambazo hawakuzielewa, kwa kuwa aliyeketi mbele aliinua wa kwake. Tena kuna adabu ya kanisa, kumtenga mtu na Meza ya Bwana. Adabu hiyo imewekwa ili kumrudisha mkosaji. Lakini mara ngapi tumeitumia kama *embepo*, tukimtenga mtu kwa sababu watu wananung'unika, na si kwa sababu ametubishia Neno la Mungu? Mchungaji naye huogopa washarika wake. Sauli alimwambia Samweli ya kuwa alitenda vile kwa kuwaogopa watu. Someni 1 Samweli 15. Alikuwa mfalme.

Twarudi Lyulilo, kando ya mtumbwi. Tulimjibu mzee ya kuwa hakukosa kukataa. Kisha tukamwambia ya kuwa sisi ndio tuliokosa, tukamwomba radhi. Alinyamaza, akachora mchangani kwa kidole, akasema, "Baba Mchungaji, kama mngalikuja mkutanoni, hata kama mngaliketi tu karibu yangu, nisingalisema zaidi ya nilivyosema. Ila wangaliona tuko wawili."

Tukamwuliza juu ya yule jirani wa nne aliyechimba kaburi. Tulidhani ni mshirika. Mzee akasema siye. Hajabatizwa, wala haji ibadani, na fedha ya waganga alitoa kama wengine. Alipoulizwa na watu kwa nini ameshika jembe, alijibu ya kuwa alipokuwa mvulana alikula kwa yule mama miaka mingi, pamoja na wenzake.

Baraza la wazee limekwisha kutana, nasi twaleta mashauri yake ili mitaa mingine iyaangalie. Ikiwa katika kijiji chochote cha usharika wetu utaitwa mkutano wa kuwaleta waganga wa namna hii, mwinjilisti na ampelekee mchungaji habari siku ile ile, naye mchungaji aende. Nyumba za Wakristo zikutane kabla ya mkutano wa kijiji, zipatane zitakazosimama, zisipungue tatu, wasimame pamoja na kusema neno moja, bila matusi. Walio dhaifu wasiosimama wasilaumiwe hadharani. Na nyumba iliyokataa ikipatwa na msiba, mtaa wa jirani utaleta wachimbaji wanane na wanawake wenye kuni, hata kama ni kwa mtumbwi. Orodha ya majina inawekwa kwa katibu wa mtaa, nayo imekwisha kuandikwa. Wengine wameuliza kama hatutakuwa tumeanzisha kijiji chetu cha pembeni. Twaliogopa jambo hilo sisi pia. Kwa hiyo imeamriwa ya kuwa wachimbaji hao watakwenda pia kwenye misiba ya wale waliotoa fedha, ikiwa watu wao ni wachache.

Mwezi uliopita jambo hilo lilifanyika mara ya kwanza. Aliyefiwa alikuwa mmoja wa wale waliosema mkutanoni, "Kwa nini akatae?" Mzee wetu alikuwa kati ya wachimbaji. Salamu zake zimeanza kurefuka kidogo. Mkewe hajapokewa tena katika upatu.